Karatasi Niliyokataa Kuitia Dole

Nimelisha shuka kwenye pasi ya rola miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna bosi aliyewahi kuniuliza nasikia kwa kitu gani. Wangeuliza, ile karatasi isingeandikwa.

Udobi wetu si wa beseni na kamba. Ni ukumbi mrefu wenye paa la bati, mashine za kufulia upande mmoja, za kukaushia upande wa pili, na katikati pasi yenyewe: rola tatu nene kama mapipa, zinazopashwa moto kwa mvuke. Shuka za hospitali na za hoteli zinaingia zikiwa na unyevu, zinatokea upande wa pili kavu, zimenyooka. Wanawake wawili wanalisha, wawili wanapokea na kukunja. Mimi nalisha kushoto. Huko kushoto ndiko kulikowekwa mkono wa kuzimia mashine. Kulia hakuna mkono, hakuna kitufe, hakuna kitu. Aliyeiunda mashine hiyo sijui mtu wa kulia alimkosea nini.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja tuliyemwita Bibi Mvuke, sasa ni marehemu. Siku ya kwanza nilifika nimekaza masikio kama sungura, kila kishindo nageuka. Akanivuta pembeni.

"Wewe, masikio yako yavue mlangoni pamoja na kandambili. Humu hayana kazi. Ukitaka kusikiliza kila kinachonguruma humu utatoka kichaa kabla mwezi haujaandama. Macho yakae kwenye kona yako ya shuka. Tumbo liegemee bati."

"Na mwenzangu akiniita, bibi?"

"Atapiga bati. Mara tatu. Utasikia kwa tumbo, kama mjamzito."

Bati alilosema ni meza ya kulishia, pana kama kitanda, iliyo mbele ya rola. Mtu wa kulia akipiga bati kwa kiganja, mtetemo unapita wote hadi kwa mtu wa kushoto, na wa kushoto anavuta mkono wa mashine. Haikuandikwa popote. Hakuna tangazo ukutani. Lakini kila aliyelisha shuka katika ukumbi ule alijua: kulia anapiga, kushoto anazima. Mimi mwenyewe niliwahi kuzima kwa sababu ya bati zaidi ya mara thelathini. Watu bado wana vidole vyao.

Mtu wangu wa kulia alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Nilimwingiza kazini mimi, kwa mdomo wangu, baada ya kuachwa na mumewe na kuja kwangu na mabegi mawili. Alisema anakaa wiki mbili. Akakaa miaka miwili, sebuleni pangu, kwenye kochi langu, akionja mboga yangu na kuuliza kama leo nimesahau chumvi au ni makusudi. Sisemi mimi ni malaika. Nyumbani tulikuwa tunanuniana. Wiki ile ya ajali tulikuwa hatusemezani kwa siku sita kwa sababu ya sufuria aliyoiunguza, na jirani wote walijua, maana wifi yangu hanuni kimya kimya. Hununa kwa kutangaza.

Lakini pasi ni kitu kingine. Tulikuwa tunatoka nyumbani bila neno, tunatembea bila neno, tunafunga vilemba bila neno, na tukishika shuka tunakuwa mtu mmoja mwenye mikono minne. Kung'uta, nyoosha, laza. Kung'uta, nyoosha, laza. Ugomvi ulikuwa unatusubiri nje ya geti.

Mwaka jana tuliletewa msimamizi mpya. Mwanaume msafi, mwenye sharubu mbili nyembamba na maneno yasiyoshikika, hata wanawake wakampa jina la Kambare, la kuitana sisi kwa sisi. Hoteli moja ililalamika kwamba shuka zao zina madoa ya kutu. Ni kweli, bati lilikuwa la zamani. Kambare akaagiza zulia la mpira, zito, nene kama kidole, likalazwa juu ya bati lote na kugundishwa pembeni.

Nilimfuata siku ile ile.

"Bwana msimamizi, hili bati ndilo sikio letu."

"Bati lina sikio?" Akacheka, akawatazama wengine wacheke naye.

"Wa kulia akipatwa na jambo hupiga hapa, mimi nasikia huku. Sasa umelivisha godoro."

"Mama, watu wana midomo. Si ataita?"

"Ataita nani kwenye kelele hizi? Hata wewe hapo unapiga kelele na nasoma midomo yako."

Akasema atalifanyia kazi. Baada ya wiki mbili nikamwambia tena, safari hii mbele ya karani wake. Akasema lipo kwenye mpango. Nikamuuliza mpango unakaa wapi nikausalimie. Hakupenda.

Wifi aliumia siku ya Jumanne, asubuhi, shuka ya tisini na kitu. Haikuwa shuka hasa, ilikuwa foronya kubwa ya godoro yenye vikamba vya kufungia. Kikamba kimoja kilijizungusha kwenye kifundo chake cha mkono, na rola ikaanza kuvuta. Alipiga meza. Alipiga kwa nguvu zake zote, waliokuwa wanapokea upande wa pili waliona mkono ukipanda na kushuka. Aliita. Mimi macho yalikuwa kwenye kona yangu, kama nilivyofundishwa, maana kona ikikunjika inaungua. Tumboni hakikufika kitu. Kilichonistua ni nguo kwenda upande. Nikageuka, nikamwona uso, nikavuta mkono wa mashine. Wanaojua kuhesabu walisema zilipita sekunde tano. Sekunde tano kwenye rola ile ni nyingi. Mkono wa kulia uliungua hadi juu ya kifundo, na vidole viwili havikurudi.

Nilimbeba mimi. Hilo kwenye karatasi hawakuliandika.

Siku ya tatu Kambare akaniita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili zilizobanwa pamoja na kisahani cha wino. Karani alikaa pembeni, anajichunguza kucha.

"Mama, weka dole hapa chini, kisha rudi kazini."

"Inasema nini?"

"Ni taarifa tu. Inasema ulikuwepo."

"Kuwepo tu kunahitaji karatasi mbili?"

Karani akakohoa. Kambare akamgeukia, wakasemezana Kiingereza. Mimi shule sikuipata. Baba aliwapeleka kaka zangu, mimi akanipeleka kuchota maji. Lakini masikio niliyoambiwa niyavue mlangoni, ofisini nilikuwa nimeyavaa. Kambare alinionyesha kwa kidevu, akagonga katikati ya karatasi kwa kalamu, akalitaja neno moja mara mbili, tena kwa kubetua mdomo. Nililidaka. Nikamwambia karani anionyeshe lilipoandikwa. Akaweka kucha yake juu yake bila kujua ananisaidia.

"Nitaitia dole nikishaielewa," nikasema.

"Mama, usijifanye mwanasheria."

"Sijifanyi. Nafanya shuka."

Nikatoka. Neno lile nililibeba mdomoni hadi nyumbani kama mtu anayebeba maji kwa viganja, nalirudia kila hatua lisimwagike. Binti yangu yuko sekondari. Nilimkuta anasoma mezani, baba yake mbele ya televisheni na mechi yake. Nikalitema: "Tyuni-auti."

Akaliandika kwenye daftari: tune out. "Mama, limetoka wapi?"

"Limetoka kwenye mdomo wa Kambare. Maana yake?"

Alifikiri kwanza, kwa sababu ni mtoto anayependa kutoa jibu lililoiva. "Ni kujitoa kwenye yanayoendelea karibu yako. Zamani lilikuwa la redio. Unazungusha kitufe, unaiacha stesheni. Sasa mtu naye anaweza kufanya hivyo. Watu wanasema, akili inazima yaliyo pembeni."

"Kama nani?"

Akapunguza sauti. "Mwite baba."

"Baba watoto!" nikaita. Kimya. "Baba watoto, nyumba inaungua!" Akasema, "Eeh, nakuja, dakika mbili." Tulicheka, mimi na mwanangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Akaendelea. Akasema neno lenyewe si tusi. Mwanafunzi anaweza kulitumia akisema amejitoa kwenye kelele za mtaani ili asome, na hiyo ni sifa. Mke anaweza kulitumia kwa mume asiyesikiliza, na hiyo ni lawama. "Ila mara nyingi, mama, anayefanya hivyo sauti inamfikia. Ni yeye anaacha kuijali."

Nikamuuliza polepole, "Kwa hiyo ikiandikwa kwamba wifi aliita, na mimi nikafanya hivyo?"

"Inamaanisha ungeweza kumsikia. Ukamwachilia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama mkwe wangu, tangu Jumatano, haitikii salamu yangu. Kambare alikuwa amefika hospitali na matunda, akakaa kitandani kwa wifi, akaieleza familia kwa Kiswahili kile ambacho kwangu alikileta kwa Kiingereza. Jioni ile mama mkwe alikuja mwenyewe. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule na mkoba wake kwapani.

"Sufuria tu," alisema. "Kwa ajili ya sufuria ukamwacha mwanangu aliwe na mashine."

"Mama, sikumsikia."

"Miaka miwili ulikuwa unajifanya humsikii humu ndani. Mazoea yana taabu."

Neno hilo liliniingia, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Humu ndani nilijifanya sisikii, kweli kabisa, tena mara nyingi. Nilimtazama mume wangu aseme kitu. Alipunguza sauti ya televisheni, heshima kubwa kwa upande wake, akasema, "Mama watoto, tia hilo dole yaishe. Mtu akikubali kosa husamehewa."

"Na asiye na kosa?"

"Anajishusha."

"Nimejishusha katika nyumba hii hadi nimefika kwenye saruji," nikamwambia. "Chini ya hapo sichimbi."

Kesho yake Kambare aliniita tena, na kesho kutwa yake. Mara ya kwanza alinibembeleza. Mara ya pili alisema bila dole langu faili la wifi haliendi mbele, hivyo matibabu yake yanakwama kwa ajili ya ukaidi wangu. Hilo lilininyima usingizi. Nikamfuata karani alipokwenda kunywa chai peke yake, nikamuuliza jambo moja tu: kosa likiwa langu, kampuni inamlipia wifi? Alitazama mlango. "Kosa likiwa la mfanyakazi mwenzake aliyezembea, wanabishana kwanza. Wanaweza kubishana hadi uote mkono mwingine." Kisha akasema, "Afisa wa kazi anakuja Jumatatu. Mimi sijasema kitu." Yule naye alinilipa deni la heshima nililokuwa namdai.

Afisa wa kazi alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Kambare alimtembeza ukumbini akimwonyesha vizima-moto. Walipofika kwenye pasi nikaacha shuka, nikasimama mbele yao.

"Mama afisa, mimi ndiye niliyeandikwa humo. Imeandikwa nilimpuuza mwenzangu. Sitii dole. Msimamizi anikate mkono, akachapishe mwenyewe."

"Huyu mama ana uchungu," Kambare akasema kwa upole wa bandia. "Aliyeumia ni wifi yake. Walikuwa na ugomvi."

"Ugomvi tulikuwa nao," nikasema. "Andika. Sasa nakuomba msimamizi asimame pangu."

"Ya nini?" Kambare akauliza.

Afisa akavaa miwani. "Simama, bwana. Ni dakika moja."

Akakunja mikono ya shati, akasimama kushoto. Mimi nikaenda kulia, mahali pa wifi. Mashine ikawashwa. Nikapiga zulia mara tatu. Kambare, mjanja, alikuwa ananiangalia mimi muda wote, akavuta mkono wa mashine, akatabasamu.

"Mnaona?"

"Huko si kulisha, huko ni kunitazama," nikasema. "Mpeni shuka. Alishe."

Wenzangu wakamletea shuka. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kulisha shuka kunaonekana rahisi mpaka uishike. Kona ilimteleza, akaifukuza. Akailaza, ikaenda upande. Mvuke ukampiga usoni, akakaza macho, ulimi nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Nikapiga zulia mara tatu. Hakugeuka. Nikapiga mara tatu nyingine, kwa mikono yote miwili. Alikuwa anahangaika na kona.

"Msimamizi!" nikaita. Kimya. "Bwana msimamizi, naungua!" Kimya. Basi nikajaza mapafu. "Kambareee!"

Waliokuwa wanapokea waliona mdomo wangu wakaelewa. Mmoja alikaa chini kabisa kwa kicheko. Kambare aliinua macho, akawaona wanacheka, akatabasamu nao, akarudi kwenye kona yake.

Nikaingiza kucha chini ya zulia pale gundi ilipokuwa imeachia, nikalikunja hadi bati likatokea. Nikapiga bati. Mara moja tu. Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, kiganja chake kikauvuta mkono wa mashine chenyewe, rola zikasimama.

"Nini?" akauliza. "Nini kimetokea?"

Mashine ilipozima ukumbi uliingiwa na ukimya wa ajabu, na katika ukimya huo afisa akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Uliitwa mara ngapi, bwana?"

"Sikuitwa."

"Na ulikuwa umempuuza huyu mama?"

"Mimi? Nilikuwa nafanya kazi!"

"Hayo ndiyo majibu yangu," nikasema. "Liandikeni hilo kwa Kiingereza."

Afisa aliuliza nani aliagiza zulia, lini, na kama kuna aliyeonya. Nilisema nilionya mara mbili. Kambare akasema hakumbuki. Karani, kutoka mlangoni, akasema mara ya pili yeye alikuwepo. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika.

Mchana ule Kambare alileta karatasi nyingine, ya Kiswahili safari hii, ukurasa mmoja. Afisa alinisomea. Ilisema mfanyakazi hakusikia kwa sababu ya kelele za mitambo. Neno la Kiingereza lilikuwa limeondoka.

"Umeridhika, mama?" Kambare akauliza, tayari ameshika kisahani cha wino.

"Zulia liko wapi?"

"Zulia?"

"Kelele zilikuwepo miaka kumi na tisa na hazijamla mtu kidole. Humu naona kelele, sioni zulia wala aliyelilaza. Sitii."

"Mama, tumeshaondoa kosa lako!"

"Hukuliondoa. Sikuwa nalo. Wewe umeondoa lako."

Afisa alivua miwani, akamrudishia karatasi. Iliandikwa mara ya tatu. Ikiwa na zulia, ikiwa na bati, ikiwa na onyo langu mara mbili, na cheo cha aliyepuuza. Kambare alitia sahihi kwanza. Mimi nikasema bado. Nikasema uongo ulisemwa kando ya kitanda cha hospitali, na ukweli ukasemewe papo hapo. Nilidhani afisa atachoka na mimi. Alitazama saa, akasema, "Twende."

Wifi alikuwa amekaa, mkono umefungwa mkubwa kama mtoto mchanga. Mama mkwe alikuwa upande wa dirisha, mume wangu kwenye benchi. Afisa alisoma yote, polepole, hadi cheo cha mwisho. Wifi alikuwa anatazama ukuta. Alipogeuka hakumtazama afisa.

"Niliita, wifi."

"Uliita. Na ulipiga, wameona wenzetu. Mimi hakikunifikia kitu."

"Nilidhani ni sufuria."

"Sufuria bado nina hasira nayo," nikasema. "Ila ningesikia, ningekuja na hasira yangu hivyo hivyo."

Akacheka kidogo, akalia zaidi. Nikachovya dole langu kwenye wino, nikaligandamiza chini ya sahihi ya Kambare, kwa nguvu, hadi mistari yote ya ngozi ikatoka. Wifi akaomba na yeye awe shahidi. Akatoa dole la kushoto, mimi nikaishika karatasi isiteleze.

Matibabu kampuni imeyabeba. Vidole haviwezi kubebwa na mtu. Zulia limebanduliwa, na kulia pamewekwa kitufe chekundu, ingawa sisi bado tunapiga bati. Kambare amehamishiwa tawi jingine, na nasikia huko ni mkubwa zaidi. Hakuna aliyeniambia samahani, si yeye, si mume wangu, ambaye anasimulia mtaani jinsi alivyonipa moyo.

Siku ile nilipokuwa natoka wodini, mama mkwe alinifuata kwenye korido akanishika kiwiko.

"Mwanangu," alisema, "basi tusameheane. Yamepita."

Niliutazama mkono wake, kisha nikamtazama uso. Nilikuwa nimemsikia vizuri, na nilitaka ajue hivyo.

"Mama," nikamwambia, "leo sina msamaha. Upitie siku nyingine, labda utanikuta nao."

Nikaenda zangu kazini. Shuka za jioni zilikuwa hazijalishwa.